Sauti ya Pili kwenye CD ya Brigid

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Februari, saa kumi na dakika tano jioni, nilipofika kwa Senge Nabalayo kule Langas. Senge ni dada ya baba yangu. Nilikuwa nimetoka kampasi na mkate na pakiti mbili za maziwa. Jirani alikuwa anafua zulia nje, kuku wanachakura mlangoni, na ndani ya nyumba marehemu Brigid alikuwa anaimba.

Sikushtuka. Brigid, binti mkubwa wa Senge, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya ya kanisa lao. Mwaka jana alijirekodi kwa simu, akijipigia kinanda mwenyewe, kisha Jacktone, jamaa wa duka la muziki karibu na stendi, akamchomea nyimbo hizo kwenye CD moja. Brigid alifariki Novemba. Tangu hapo Senge huicheza CD hiyo kila jioni kwenye mashine yake ya zamani ya DVD, iliyo chini ya televisheni.

"Senge, hii si ilikuwa ya Brigid mwenyewe?"

"Sasa ni yangu."

Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi watu hunyolewa nywele, kisha vitu vya marehemu hutolewa uani, ukoo ukiona, vigawanywe. Vyote. Simu ya Brigid ilienda kwa mjomba wake, nguo zikaenda kwa binamu. Hakuna kinachobaki nyumbani bila kugawanywa, hata kijiko.

"Niliificha kwa blauzi," Senge akaninong'oneza, akitabasamu. "Walitaka wanimalize kabisa? Hawakuiona."

Nasike, mdogo wake Brigid, akatoka jikoni na chai. Ana miaka kumi na tano, na kwa vile hanyamazi sisi humwita Redio.

"Redio, leo betri zimeisha?"

Akafungua mdomo. Ilitoka pumzi tu.

"Ni koo," Senge akasema. "Wiki ya tatu sasa. Daktari ameangalia, hajaona kitu."

Nasike akanitazama. Kisha akaelekeza kidole kwenye DVD.

Nilisikiliza. Sauti ya Brigid ilikuwa juu, safi kama ninavyoikumbuka. Chini yake kulikuwa na sauti nyingine. Ilikuwa nyembamba, na kila ilipofika kwenye herufi s ilipiga mluzi mdogo. Nasike ana mwanya kwenye meno ya mbele. S zake zote hupiga mluzi.

Nasike hakuwahi kuwa kwenye kwaya. Nyimbo hizo ziliporekodiwa alikuwa bado shule ya bweni.

Nikatoka nje nikampigia Jacktone.

"Betty, CD nikishaichoma naifunga," akasema. "Haiongezwi kitu. Hata mimi siwezi."

"Na huyo anayeimba na Brigid ni nani?"

"Anayeimba na nani? Huyo msichana alijirekodi peke yake. Wewe umekunywa nini huko?"

Niliporudi ndani wimbo ulikuwa unaisha. Kinanda kilinyamaza. Kisha, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu, Brigid akasema polepole:

"Tena, Mama."

Senge akabonyeza rimoti.

"Senge, zima."

"Kunywa chai yako."

"Zima! Hiyo ni sauti ya Nasike!"

Hakugeuka. Alikuwa anapiga mdundo kwenye goti kwa vidole viwili.

"Mwanzoni ilikuwa inakwama," akasema. "Imekwaruzwa, unajua. Inaruka maneno. Mtoto wangu anakatwa katikati ya wimbo kama redio mbovu. Nikalia, nikamwambia, nitakutafutia sauti ya kujazia. Siku hizi haikwami."

"Kwa hivyo unajua."

"Nasike ana miguu. Ana mikono, ana shule." Akanong'ona, kana kwamba ananisihi. "Brigid ana nini?"

Nasike alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alikuwa amesikia kila neno. Sinia haikutikisika hata kidogo.

Nililala pale, kwa sababu sikuweza kumwacha Nasike. Tulilala kitanda kimoja, mimi na yeye. Hakulala. Mimi pia sikulala.

Asubuhi Senge akachukua mtungi akaenda kwa mfereji kuteka maji. Nilisubiri hadi lango likafungwa. Nikaitoa ile CD kwenye DVD. Ilikuwa na joto, na DVD ilikuwa imezimwa tangu jana.

"Nivunje?"

Nasike akatikisa kichwa kukubali. Haraka. Mara nyingi.

Nikaikunja kwa mikono yote miwili. Ilipinda. Ikapinda zaidi. Ikapasuka, vipande vikaruka zuliani.



Kisha Nasike akakohoa, akashika koo, akafungua mdomo.

"Mama, sikia!"

Ilikuwa sauti kubwa, tamu, isiyo na mluzi wowote.

Mtungi ukaanguka nje. Senge akaingia mbio, miguu imelowa, akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Rudia. Brigid wangu, rudia."

Nasike akakataa kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akabana kwa nguvu mpaka kucha zikazama mashavuni. Wimbo ukaanza hivyo hivyo. Ulipita katikati ya vidole vyake, na Senge akawa anampigia makofi.

Mimi nilipiga magoti zuliani. Niliokota vipande, nikavipanga kwenye meza ya chai, ukingo kwa ukingo. Nilidhani nikivirudisha pamoja kitu fulani kitarudi. Duara likakaribia kukamilika. Palibaki pengo moja la pembe tatu, dogo kama ukucha.

Nilisogeza kochi. Nilikunja zulia. Nilipapasa chini ya kabati.

Nilipoinua kichwa, Nasike alikuwa anameza mate kati ya beti mbili. Chini ya ngozi ya koo lake kitu chenye ncha kilipanda, kikatulia, kikashuka.

Nikaacha kutafuta.