Mlango wa Ruta Uliokuwa Wazi

Kila asubuhi Bernadetha hukata majani ya ng'ombe kihambani, shamba la migomba linalozunguka nyumba yao. Kisha hupika mtori, supu nzito ya ndizi, na kumwogesha mumewe kitandani. Mumewe ni Thadeus. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chao, huko Kibosho. Kiharusi kilimlaza. Upande wake wa kulia hauna nguvu, na maneno humtoka moja moja.

Siku za soko Bernadetha hushuka Bomang'ombe kuuza ndizi. Thadeus hubaki peke yake. Kwa hiyo binti yao, Victoria, anayefanya kazi Dodoma, aliwanunulia kamera na ruta. Ruta ni kile kifaa kinacholeta intaneti nyumbani.

Fundi alivifunga. Akaiacha ruta wazi kufikiwa kupitia intaneti, ili Victoria aweze kuirekebisha na kuiona kamera akiwa Dodoma.

"Neno la siri nimeacha lilelile la kiwandani," fundi alisema. "Ni rahisi kukumbuka."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Akiwa sokoni, Bernadetha alifungua simu na kumwona mumewe amelala salama. Moyo wake ukatulia.

Siku moja Elisifa, mwenzake wa sokoni, alimvuta pembeni.

"Mama Victoria, samahani sana. Hii video imetumwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Huyu si Baba Victoria?"

Bernadetha akatazama. Kilikuwa chumba chake. Thadeus alikuwa uchi kitandani, mdomo umepinda, na yeye mwenyewe alikuwa akimfuta mgongo. Mtu alikuwa ameiwekea video hiyo muziki. Chini, watu waliandika maneno ya kucheka.

"Imetoka wapi?"

"Sijui, dada. Imefika hata Moshi mjini."

Bernadetha aliziacha ndizi palepale. Alipofika nyumbani alichomoa kamera ukutani. Alitaka kunyamaza, lakini Thadeus aliyaona machozi yake.

"Nini?" akauliza.

Akamwambia. Thadeus alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuzia uso ukutani.

Tangu hapo hakutaka kuogeshwa. Alilishika blanketi kwa ule mkono wake mzima, hakuliachia. Mtori ulipoa kwenye bakuli. Wanakwaya walipokuja kumsalimia, alifumba macho mpaka wakaondoka. Vidonda vikaanza kumtoka mgongoni. Bernadetha alipiga magoti kusali, lakini hakupata neno la kumwambia Mungu.

Victoria akaja kutoka Dodoma.

"Baba, nisamehe. Nilitaka tukulinde."

Thadeus alibaki ameutazama ukuta. Victoria akatoka nje akalia. Kisha akaenda kumwita jirani yao, Eliona, anayefundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini Moshi.

"Shikamoo, mama," Eliona alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ni nani aliyetufanyia hivi?"

"Huenda tusimjue kamwe. Anaweza kuwa mtu wa mbali asiyewafahamu kabisa."

"Alipita wapi? Mlango nilifunga."

"Wa nyumba ulifunga, mama. Wa ruta ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Kuna watu wanazunguka kwenye intaneti wakigonga kila ruta. Neno la siri la kiwandani wanalijua. Wakilijaribu likakubali, wameingia, na kamera iliyo ndani wanaifikia."

"Basi tuitupe!" Victoria akasema.

"Mnaweza. Lakini mama akienda sokoni, baba atabaki bila jicho. Inaweza kufungwa vizuri."

Eliona alichukua sindano, akabonyeza kitundu kilicho nyuma ya ruta. Mipangilio yote ya zamani ikafutika. Akaweka programu mpya ya ruta, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na matundu ya kupenyea. Akamwambia Victoria atunge neno la siri refu la ruta, na jingine la kamera, yasiyofanana.

"Sasa nazima ule mlango wa nje," Eliona alisema. "Hakuna atakayeisimamia ruta moja kwa moja kutoka kwenye intaneti."

"Mimi nitamwonaje baba?"

"Kwa VPN. Ni njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti. Hapiti mtu asiye na ufunguo. Nitauweka kwenye simu yako na ya mama tu. Simu ikipotea, niambieni siku hiyohiyo, tuufute."

"Na ile video?" Bernadetha akauliza.

"Tutaripoti polisi. Tutawaomba wenye mitandao waiondoe. Lakini sitakudanganya, mama. Iliyokwisha kusambaa hatuwezi kuirudisha yote."

Bernadetha akakaa chini barazani.

Kamera haikurudishwa siku hiyo. "Chumba ni chako, Baba Victoria," alimwambia mumewe. "Ukikataa, haiwekwi. Ukikubali, nitaichomoa kila wakati wa kuoga."

Thadeus alivuta blanketi hadi kidevuni. Victoria alirudi Dodoma. Bernadetha akaacha kwenda sokoni. Ndizi zilimwivia, na dawa za Thadeus zikakaribia kwisha. Hatimaye asubuhi moja Thadeus alisema, "Nenda."

"Niiwashe kamera?"

Akatikisa kichwa kukubali, bila kumtazama.

Wiki hiyohiyo, Bernadetha akiwa Bomang'ombe, alifungua simu. Kitanda kilikuwa kitupu. Thadeus alikuwa sakafuni, uso umezama kwenye blanketi lililoanguka naye, na mkono wake ukitapatapa. Bernadetha akampigia Eliona, aliyekuwa nyumbani.

"Kimbia! Baba Victoria anakosa pumzi!"

Eliona alimkuta midomo imebadilika rangi. Akamgeuza, akamwinua kichwa. Hewa ikaingia.

Bernadetha alifika akihema. Akaketi kando ya mumewe.

Thadeus hajarudi kanisani. Bado kuna watu wanaoitumiana ile video. Lakini siku ile alimtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu aibu ile iwapate.

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Nani mwingine?"

"Hakuna. Ni mimi na binti yako tu tunaoweza."

Thadeus akaliachia blanketi. Kisha akaomba maji ya kuoga.