Tangi Dogo

Giza lilikuwa linaanza kuingia Fundi alipokwenda dukani kuchagua kompresa, mashine ya kujazia upepo, na kusema kweli hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Gereji yake ya uani ilikuwa imefungwa tangu mdogo wake afie humo. Mlango ulikwama, injini ya gari inaunguruma, moshi ukammalizia hewa. Siku ya mazishi watu walilia mpaka sauti zikawakauka. Fundi hakutoa hata chozi. Alichimba, akafukia, akanawa mikono, akauliza kama kuna aliyekosa chai. Wapo waliosema ana roho ya jiwe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini midomo ya msibani haina breki.

Sasa ilibidi arudi kazini, maana mama yao alikuwa anaumwa. Tangu msiba alipumua kama mtu anayepanda ngazi, hata akiwa amelala. Hospitali walimpima wasione kitu. Kila siku pumzi ilipungua kidogo, na Fundi aliogopa kuzika tena. Hata woga wenyewe aliusikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Muuzaji, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alimwonyesha kompresa mbili. Moja ilikuwa na tangi kubwa na magurudumu. Nyingine ilikuwa na tangi dogo, ya kubebwa kwa mkono mmoja. Alieleza kwamba mota zao ni sawa, tofauti ni upepo unaobaki tangini umeme ukikatika.

"Chukua kubwa," akasema. "Akiba haiozi."

Fundi akajibu kwamba ndogo inamtosha. Yeye hujaza matairi tu, na yuko peke yake.

Mzee akamtazama juu ya miwani. "Una hakika uko peke yako?"

Fundi alidhani ni maneno ya biashara. Akalipa, akabeba ndogo, akaenda zake.

Nyumbani alimkuta mama amelala katika chumba kilichopakana na gereji. Akafungua mlango wa gereji. Moshi wa zamani ulimpokea, na nyuma ya moshi kulikuwa na harufu nyingine... peremende. Mdogo wake hakukaa bila peremende mdomoni, mpaka wakawa wanamtania kwamba sisimizi ndio watakaomzika.

Akachomeka plagi. Kompresa ikanguruma, mshale wa geji ya kupimia upepo ukapanda hadi juu, ikajizima yenyewe. Ndivyo inavyotakiwa. Ikijaa hunyamaza, na haiwaki tena mpaka mtu atumie upepo wake.

Akainama kupanga spana.

Trrrr...

Ikawaka.

Hakuna aliyegusa chochote. Fundi akakoroga sabuni, akapaka povu kwenye kila kiungio, akasubiri aone panapovuja. Hapakuvuja popote. Lakini mshale ulikuwa unashuka. Ulishuka kidogo, ukatulia. Ukashuka kidogo, ukatulia...

Kama mtu anayepumua.

Akaufuata kwa tochi mpira mrefu wa kupitishia upepo. Alikuwa ameutundika msumarini. Sasa ulikuwa sakafuni, pale pale walipomkuta mdogo wake. Akaushika mwisho wake. Ulikuwa na joto. Ulikuwa umelowa. Ulinukia peremende.

Mtu mwingine angepiga kelele. Yeye hakuhisi kitu. Alichomoa plagi, akafungua koki ya tangi, akaacha upepo wote utoke.

Ng'ambo ya ukuta kukasikika sauti. Haaa... haaa...

Fundi akakimbia. Mama alikuwa amekaa kitandani, macho yamemtoka, mkono wake unaonyesha ukutani.

"Mwashie mwenzio," alinong'ona.

"Nani, mama?"

"Hewa ilimwishia, mwanangu. Tangu siku ile anavuta yangu. Mimi ni mama yake, ningemnyima vipi?" Akaitafuta pumzi. "Leo ndiyo nimepumzika kidogo..."

Fundi akarudi mbio, akafunga koki, akachomeka plagi. Kompresa ikanguruma. Ng'ambo ya ukuta mama akatulia, kisha usingizi ukamchukua. Fundi akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasikiliza mashine ikiwaka na kunyamaza, ikiwaka na kunyamaza. Kama ni mdogo wake kweli, au ni kitu kilichojifunza harufu yake, hakujua. Wala hakujua yule mzee wa dukani aliona nini. Alijua tu kwamba kesho ataifuata ile kubwa, maana rahisi ni ghali.

Halafu taa zikazimika.

Mtaa mzima.

Kompresa kimya. Akamulika geji. Mshale ulishuka kidogo, ukatulia, ukashuka tena, na tangi dogo halikuwa na safari ndefu. Ulipofika chini kabisa, mpira ulianza kujisogeza sakafuni, polepole, ukageuza mdomo wake ukutani. Upande wa mama.

Fundi akapiga magoti, akauokota.

"Niko hapa," akasema. "Mwache mama."

Akauweka mdomoni, akapuliza.

Upande wa pili, kitu kikavuta.

Akapuliza tena, kikavuta tena, kwa pupa zaidi. Kifua kikambana. Hapo ndipo machozi yakamtoka, yale yote ya tangu mazishi, yakalowesha ule mpira. Alimlilia mdogo wake huku akipuliza, na hakuweza kuacha. Ng'ambo ya ukuta mama alikuwa anapumua vizuri, taratibu, kama zamani.

Umeme ukarudi. Taa za mtaani zikawaka, lakini kompresa haikunguruma. Fundi akautoa mpira mdomoni, akaitazama geji. Mshale ulikuwa juu kabisa.

Tangi lilikuwa limejaa. Na Fundi, amekaa pale pale sakafuni, alikuwa anapumua kama mtu anayepanda ngazi.