Chupa Isiyo na Jina

Kila asubuhi Georgette alipanga chikwange zake, mikate ya muhogo iliyofungwa kwa majani, juu ya meza kando ya barabara, mtaani Kabondo, akauza mpaka jua lilipomfika utosini. Mume wake, Hilaire, alipasua mbao kwenye kiwanda karibu na mto Tshopo. Hawakuwa matajiri, wala hawakulala na njaa. Mwaka ulikuwa 1988.

Jumanne moja msumeno uliruka ukamkata Hilaire paja. Wenzake walilifunga kwa shati, wakampakia kwenye pusipusi, mkokoteni wa kusukuma, wakakimbia naye hospitalini. Daktari hakumficha Georgette kitu. Mshipa umekatika, alisema, na yeye yuko tayari kuushona, lakini mgonjwa amebaki na damu kidogo mno. Zinahitajika chupa mbili kabla ya saa nane. Ndugu zake Hilaire wote, isipokuwa shangazi mmoja, walikuwa Barumbu, mbali, kwa njia ya mto.

Georgette akasema atatoa damu yake. Hapo Tante Pélagie, dada wa baba yake Hilaire, akamvuta pembeni.

"Ukimupa damu, unakuwa dada yake," alisema. "Na mutu halale na dada yake. Akipona, weye utarudi kwenu Isangi."

Watu wengi wa mtaa wao waliamini hivyo. Georgette mwenyewe aliamini nusu. Alimpenda mume wake. Kumpoteza kwa kifo au kumpoteza kwa kumponya, achague lipi? Akatoka mpaka getini.

Getini alisimama mtu mmoja, Nicolas, kofia imeinamia jicho. Kila mtu alimjua. Wakubwa walimpita asubuhi na jioni wakamsalimu. Chama kilichotawala nchi kilikuwa na muhuri kwa kila jambo: muhuri wa kusafiri, muhuri wa kuuza samaki, muhuri wa kumzika mama yako. Lakini damu ya mtu iliuzwa pale getini, mchana kweupe, bila muhuri wowote. Sisi wa Kabondo hayo hatukuyasahau.

Nicolas alimwambia Georgette asilie, damu ipo. Kama malipo alichukua redio ya nyumbani kwa Georgette, akaenda, akarudi na chupa iliyofungwa kwa gazeti. Georgette aliikumbatia kama mtoto mchanga, akaipeleka laboratwari, chumba cha kupimia damu.

Mama Marthe, mfanyakazi wa pale, aliigeuza chupa huku na huku.

"Hii iko ya nani?"

"Ya Nicolas wa getini."

"Nicolas ni muuzaji. Mimi nauliza, ilitoka kwa mukono ya nani?"

Georgette hakujua. Marthe akaiweka kando, mbali na chupa nyingine.

"Bwana yangu anakufa, na weye unatafuta jina?" Georgette alisema.

Marthe hakukasirika. Alimkalisha kwenye benchi akamweleza. Kuna agizo la serikali: damu haiuzwi wala hainunuliwi. Anayetoa anatoa kwa hiari, jina lake linaandikwa, na haruhusiwi kurudia kabla ya miezi mitatu. Kwanza damu yake inapimwa, kama aina yake inapatana na ya mgonjwa, na kama haina kaswende wala Sida, yaani UKIMWI. Damu isiyopatana inaweza kumuua mgonjwa siku hiyo hiyo. Yenye ugonjwa inamuua polepole. Watu wa Nicolas, alisema Marthe, wanatoa kila wiki kwa sababu ya njaa, mpaka damu yao inakuwa kama maji.

"Basi pima yangu," Georgette alisema. Kisha akataja, kwa aibu, maneno ya tante.

Tante alikuwa mlangoni. Marthe alimgeukia.

"Tante, unakula makako, ile nyama ya kima, tangu utoto. Mukia umeota?"

Wagonjwa waliokuwa wakingoja nje wakacheka. Marthe akaendelea taratibu: damu ya kupewa inamsaidia mgonjwa kwa miezi mitatu, minne hivi, kisha inakwisha, na mwili unabaki na damu uliyojitengenezea wenyewe. Haijengi undugu, haivunji ndoa.

"Na weye, tante, uko wa ukoo kabisa. Miaka ngapi?"

"Makumi ine na nane," alijibu Pélagie kwa sauti ndogo.

"Sheria inasema hakuna wa kulazimishwa. Nakuuliza tu."

Pélagie alitazama sindano. Kumbe muda wote alikuwa akiiogopa hiyo. Kisha akakunja mkono wa blauzi.

Vipimo vya wote wawili vilikubali. Saa nane kasoro kidogo chupa mbili ziliingia kwa daktari, kila moja na jina lake. Hilaire alishonwa, akaishi.

Georgette aliuliza agizo lile liko wapi. Lilikuwa ndani ya ofisi ya mkurugenzi, nyuma ya mlango, kwa Kifaransa. Alimwomba Marthe aliandike kwa Kiswahili na Lingala. Mkurugenzi akasema wangoje ruhusa. Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, wanawake kumi na moja wa Kabondo walilibandika getini wenyewe kwa uji wa muhogo, kisha wakaingia kuandikisha majina yao kama watoaji. Hakuna aliyethubutu kulibandua. Nicolas alikosa wateja, akahamia sokoni kuuza sigara.

Mwaka uliofuata Georgette akapata mimba. Aliyeitangaza mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, ni Tante Pélagie.