Mabamba Manne ya Plastiki

Roboti ilikuwa juu ya meza ya karakana ya shule, imebaki mifupa mitupu. Mota zipo. Betri ipo. Mabamba manne ya plastiki yaliyofunika mbavu zake hayapo, na mashindano ni kesho.

Inspekta aliinama. Kufuli halikuvunjwa. Skrubu zilikuwa zimepangwa vizuri kwenye kisahani.

"Mwizi gani huyu mwenye adabu hivi?" konstebo alinong'ona.

"Aliyeacha mota akabeba plastiki," inspekta alijibu. "Huyo hakuja kutafuta cha kuuza."

Akamwita nahodha wa timu, binti mwenye macho mekundu.

"Mabamba yalikuwa na tatizo?"

"Mazito mno, afande. Kanuni mpya zinataka plastiki nyembamba. Mkaguzi wa mashindano alitukataa jana. Leo tulikuwa tuyakwangue kwa mashine."

"Nani aliyatengeneza?"

"Mwenzetu. Alifariki wakati wa likizo. Mtoto wa mwalimu wetu."

Mwalimu huyo, mlezi wa timu, alikuwa ameketi peke yake darasani, kapakata mkoba.

"Pole kwa msiba, mama. Funguo za karakana anazo nani?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna."

Inspekta aliutazama mkoba. Mwalimu alifungua mkoba mwenyewe. Mabamba yalikuwa yamefungwa ndani ya shati la shule.

"Nimechukua mimi. Andika."

"Si ungewaambia tu wanafunzi wako?"

"Ningewaambia vipi? Mimi ndiye niliyesimama mbele yao nikasema kanuni ni kanuni, yakwanguliwe. Nilisema bila hata sauti kutetemeka. Kufika nyumbani, nikashindwa kuvua viatu. Nikarudi."

Aligeuza bamba moja kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni palikuwa na tone la gundi lililokauka, na ndani yake alama ya kidole, mistari yote ikionekana.

"Hakuwa na subira. Kila siku namwambia, baba, ngoja gundi ikauke. Hasikii." Alitabasamu, kisha midomo ikamshinda. "Nguo zake nimezifua, harufu imekwisha. Nimebakiwa na hiki kidole. Wangekisaga kikawa vumbi, afande. Mbele ya macho yangu."

Konstebo alisogea na brashi na unga wa kuchukulia alama za vidole.

"Weka chini," inspekta alimwambia. "Hiyo tumeshajua ni ya nani."