Gesi Haijaisha

Foleni ya duka la dawa ilikuwa imefika mlangoni, watu wakijipepea kwa vyeti vya daktari, fundi wa viyoyozi alipopenya na ngazi begani. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa na grisi magotini, kichwani kilemba chekundu. Aliinua macho, akakutana na mfamasia: yule yule aliyewaacha wazazi wa fundi sebuleni wakisubiri aje kumposa binti yao, kisha akazima simu wiki sita.

"Mpenzi..."

"Niite fundi. Shida nini?"

"Gesi imeisha."

"Umepima?"

"Hapana, lakini..."

"Basi nyamaza nipime."

"Makubwa!" mama mmoja aliguna kwenye foleni.

Fundi alipanda na kipimajoto. Hewa iliyoingia kwenye kiyoyozi ilikuwa nyuzi ishirini na tisa. Iliyotoka, ishirini na sita. Tofauti ya nyuzi tatu tu, badala ya kumi hivi. Akatoka uani kwenye mashine ya nje. Mfamasia alimwachia mwenzake kaunta, akamfuata.

"Mama alisema mwanamke wa kupanda mapaa hatatulia nyumbani. Nikaogopa kumbishia."

"Baba yangu alikaa na tai shingoni mpaka jua likazama! Ulishindwa hata kusema huji?"

"Nisamehe, laazizi."

"Laazizi wa nani?"

Alifunga geji ya presha kwenye mabomba kwa hasira. Gesi ilikuwepo, tena presha imepanda kupita kiasi, kwa sababu feni ya nje ilikuwa haizunguki. Akazima umeme, akatoa kapasita ya kuanzisha feni, iliyokuwa imevimba, akafunga mpya, akawasha. Feni ikavuma. Ndani akapima tena: tofauti ya nyuzi kumi na moja. Foleni nzima ikashangilia.

Mfamasia hakushangilia. Alipiga simu pale pale, mbele za watu.

"Mama, shikamoo. Leo naenda kwao kuposa... Nakuheshimu, mama, lakini mke nachagua mimi... Hata usipokuja, naenda."

Fundi alihisi machozi yakija, na hilo likamuudhi zaidi.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Na kwa baba utajieleza mwenyewe. Sikusemei hata neno."

"Nitajieleza."

"Saa kumi na moja, kwenye gari langu. Ukichelewa dakika moja, naondoka."

Saa kumi na moja kasorobo mfamasia alikuwa tayari kando ya gari la fundi, koti jeupe bado mwilini, jasho likimtiririka.

"Ingia," fundi alisema bila kutabasamu. "Baba ana hasira kuliko mimi."