Fungu la Kushoto

Uji wa Namalwa ulipungua wenyewe mezani, kijiko kikiwa kikavu. Baba yake, Masinde, karani wa tiketi katika stesheni ya Nakuru, alisema ni panya. Alikuwa na jibu kwa kila kitu, kama walivyo watu waliosoma kidogo wakajisikia sana.

Awali, mkewe alipofariki, mama yake Masinde alikuja kutoka Kimilili kumlea huyo binti wa pekee. Kila asubuhi bibi alimwaga uji kidogo mlangoni, upande wa kulia kwa ajili ya Wele mweupe, mungu anayetoa uhai, upande wa kushoto kwa ajili ya Wele mweusi anayeuchukua. Masinde aliona haya mbele ya majirani wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, lakini hakuwa na moyo wa kukataa yote. Akajitia werevu.

"Mama, huyo wa kulia ni sawa, ni kama wa kanisa. Huyo mwingine wacha kabisa. Nani hulisha shetani?"

"Kijana yangu, hao hupewa pamoja. Ukinyima mmoja, anaona."

"Wacha aone! Atanifanya nini?"

Bwana mkubwa kasema, bibi akatii.

Harufu ya wimbi lililoungua ikaingia nyumbani jiko likiwa baridi. Chakula cha Namalwa kikawa kinaisha chenyewe sahanini, naye anakonda. Masinde akasema ni malaria; hospitali wakampa dawa, zisimsaidie. Jioni moja Masinde alikaa kando ya kitanda akasikia kutafuna, polepole, kwa meno makubwa, na kutafuna kule hakukutoka kinywani mwa mtoto bali ubavuni pake, pale godoro lilipobonyea bila mtu kulilalia, na kila sauti ilipomeza, shavu la mtoto lilizidi kubonyea.

"Baba," Namalwa alinong'ona, "ambia huyu asonge. Ananifinya."

Yule mheshimiwa wa tai shingoni alikimbia jikoni, akabeba sufuria nzima ya uji, akaimwaga kushoto kwa mlango, magoti matopeni, akilia kwa sauti huku majirani wakimtazama. Kutafuna kukakoma. Harufu ikaisha. Namalwa akaketi, macho yanang'aa.

Masinde akajifuta pua, akarekebisha tai. Aibu haikumkaa hata dakika.

"Si nilisema, mama? Ilikuwa malaria tu."

Bibi alikuwa akirudi nyuma, mbali na kitanda. Namalwa alimtazama baba yake kutoka juu hadi chini kwa dharau, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee.

"Uji wa mlangoni ni wa aliye nje, karani. Mimi nimeshaingia."