Dakika Kumi za Nukta

Siku ya kusomwa bajeti, lango la Bunge lilifurika watu tangu asubuhi. Wabunge walishuka na suti mpya, madereva walipiga honi bila sababu, na kwenye foleni ya ukaguzi kila mtu alikuwa akivua mkanda, saa na heshima kidogo. Katikati ya foleni alisimama dada mmoja mwenye gauni la bluu na viatu vya chini, visivyo na kelele, akimtazama mwanaume aliyekuwa mbele yake akihangaika.

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooka, miwani imeteleza hadi ncha ya pua. Mikononi alikumbatia boksi la vitabu vya hotuba ya bajeti. Mkanda wake ulikwishapita kwenye mashine, na suruali ilianza kushuka, taratibu, mbele ya askari wawili na mbunge mmoja.

"Kaka, lete hilo boksi," dada alimwambia. "Nchi hii ina aibu za kutosha."

Kijana akampa boksi, akapandisha suruali, akaanza kushukuru mbiombio: ahsante sana dada yangu, yaani tangu jana hatujakaa, hesabu za riba zimebadilika mara tatu, waziri anataka vitabu kabla ya saa nne, sijui hata nimekunywa chai. Alipofika kwenye chai aliona mguu wa kulia wa yule dada ukigonga sakafu.

"Unacheza muziki gani?"

"Sichezi. Nakurudisha nyuma. Umesema maneno arobaini, nimeshika sita."

Tumweleze huyu dada kabla hatujaenda mbali. Kazi yake ilikuwa kuandika Hansadi, kile kitabu cha kumbukumbu kinachobeba kila neno linalotamkwa bungeni. Waandishi walikuwa wanane, kila mmoja na zamu ya dakika kumi. Wanavaa spika za masikioni, wanasikiliza rekodi, wanapiga chapa, na chini ya meza kuna pedali: ukiikanyaga, sauti inarudi nyuma. Baada ya miaka mitano mguu wake ulikuwa na akili zake. Mtu akisema jambo asilolishika vizuri, mguu unakanyaga, awe sokoni, awe msibani. Wenzake walimwita Nukta, kwa sababu hakuna sentensi ya mheshimiwa iliyotoka mezani kwake bila mwisho.

Na kijana alikuwa mchumi wa wizara ya fedha. Ndiye aliyekaa nyuma ya waziri bungeni, akimpenyezea vikaratasi vya majibu. Nukta hakujisumbua kutafuta jina la kumpa. Alimwita Mchumi.

Basi yakaanza. Mara Mchumi amkute kwenye kantini ya wafanyakazi, mara amwachie kikaratasi chini ya kikombe: *Leo gauni la njano limenivurugia hesabu*, na sahihi yenye mkia mrefu kama ya mkurugenzi. Nukta alivitunza vikaratasi vyote ndani ya kamusi, ila ungemuuliza angekataa katakata.

"Hebu nieleze hilo deni la taifa," alimwambia siku moja wakinywa chai. "Naliandika kila siku na silielewi."

Mchumi akatoa kalamu. "Katika kila mia ya kodi, hamsini na nane inaondoka kwenda kwa wakopeshaji kabla hatujanunua hata chaki."

"Na bado mnakopa."

"Tunakopa tulipe tulichokopa."

"Ungekuwa shemeji yangu ningekunyima hata chumvi."

"Sitaki kuwa shemeji yako," Mchumi alisema, akaona haya, akanywa chai iliyokuwa bado ya moto, ikamuunguza. Nukta alicheka mpaka mpishi akachungulia.

Lakini deni hilo lilikuwa limeingia nyumbani kwa kina Nukta siku nyingi. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa mkunga katika hospitali ya jiji. Wodi mpya ya wazazi ilianza kujengwa kwa mkopo miaka sita nyuma. Fedha zikaishia kwenye nguzo. Sasa wauguzi walianika mashuka kwenye nondo, na ndani ya wodi ya zamani akina mama walilala wawiliwawili kitandani.

"Leo nimezalisha mtu sakafuni," dada yake alimpigia simu siku hiyohiyo. "Nimetandika kanga yangu mwenyewe. Waambie hao waheshimiwa wako."

"Mimi nawaandika tu, dada. Siwaambii kitu."

"Basi waandike vizuri."

Mwaka huo serikali ilikuja na mkopo mwingine, mkubwa kuliko yote. Ndani yake mlikuwa na jengo la ofisi la ghorofa ishirini na magari mia mbili. Jumatano alasiri mbunge mmoja, mama mtu mzima aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu, akasimama kumuuliza waziri: na wodi ya wazazi? Waziri hakungoja kikaratasi. Alikuwa amekasirika, akapiga meza, na maneno yake yakaangukia ndani ya dakika kumi za Nukta:

"Mheshimiwa Spika, wodi ya wazazi itamalizika kwanza. Mkopo huu hautanunua hata kiti kimoja cha ofisi kabla ya wodi hiyo. Nisipofanya hivyo, Bunge hili lisinipitishie hata senti moja."

Nukta alikanyaga pedali mara nne, si kwa kutosikia. Alipenda kuyasikia.

Kesho yake Mchumi akampigia. "Ile ya waziri jana, ilikuwa zamu ya nani?"

"Yangu. Kwa nini?"

"Basi tu. Nilitaka kujua kama umeisikia." Alikuwa anacheka kwenye simu, na Nukta naye akacheka, akalala na furaha yake.

Ijumaa asubuhi Mhariri Mkuu alimwita ofisini. Alikuwa mama mwenye miwani ya kamba na sauti ya chini, asiyependa kelele hata za kiti. Mezani palikuwa na fomu ya masahihisho. Sheria iliruhusu mheshimiwa kusahihisha tarakimu aliyoikosea au jina alilolitamka vibaya. Fomu hii haikusahihisha chochote. Iliandikwa: *Ukurasa wa 41, mstari wa 9 hadi 12. Maneno yafutwe. Hayakutamkwa, ni kelele za ukumbini.* Na chini yake, sahihi yenye mkia mrefu.

Nukta aliitambua kabla hajamaliza kusoma.

"Mwanangu," Mhariri Mkuu alisema, "aliyesikiliza ndiye anayesaini. Ukikubali, yanafutwa na maisha yanaendelea. Ukikataa, unaandika kwa mkono wako kwamba ofisi ya waziri imesema uongo. Na mkataba wako unaisha mwezi huu. Sikutishi. Nakukumbusha."

Alimfikiria dada yake na ile kanga sakafuni. Alifikiria kodi ya nyumba pia, tusimfanye malaika. Kisha akaandika: *Yametamkwa. Nimesikiliza mara nne. Hayafutiki.* Akaweka nukta.

Mchumi alimkuta kwenye korido ya ghorofa ya pili, mikono mifukoni, tabasamu tele. "Nukta wangu, mbona umevaa uso wa wiki moja kabla ya mshahara?"

"Nikuulize, na unijibu polepole. Ulikuwa unanipenda mimi au ulikuwa unapenda zamu yangu?"

"Sijaelewa."

"Alhamisi ulipoulizia zamu ni ya nani, ulielewa. Leo fomu imekuja na sahihi yako. Mkia ule ule unaoniwekea chini ya vikombe."

"Fomu gani?"

"Usinifanye mtoto, kaka."

Hilo "kaka" lilimchoma kuliko mengine yote. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Mchumi hakuwa na maneno, na mguu wa Nukta haukuwa na cha kurudisha. Akamwacha amesimama.

Jumamosi simu iliita mara kumi na tisa. Hakupokea hata moja. Jumapili haikuita kabisa, na hiyo ikamuuma zaidi. Alivitoa vikaratasi kwenye kamusi avichane, akavisoma, akavirudisha.

"Ulimpa nafasi ya kujieleza?" dada yake alimuuliza akichambua mboga.

"Sahihi ni yake, dada. Nimeiona kwa macho yangu."

"Wewe kazi yako ni kurudisha nyuma mpaka usikie. Huyu umemsikiliza mara ngapi?"

Nukta aliingia chumbani akalia, kilio cha mtu anayejua ameulizwa swali la haki.

Jumanne ilikuwa siku ya kupiga kura. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Waandishi walikaa kwenye chumba chao cha vioo juu ya ukumbi, na zamu ya Nukta ikaanza saa kumi na dakika kumi. Kiti cha nyuma ya waziri kilikuwa kitupu. Aliona, akajifanya hakuona.

Yule mama mwalimu wa hesabu akasimama na Hansadi mkononi. Akasoma ukurasa wa 41 polepole, neno kwa neno, akatoa hoja: fedha za jengo na magari ziondolewe kwenye mkopo, wodi imalizwe kwanza, kama waziri alivyoahidi.

Waziri akainuka. "Mheshimiwa Spika, maneno hayo sikuyasema. Ofisi yangu ilileta masahihisho, yakakataliwa na karani mmoja mwenye siasa zake."

Karani mmoja mwenye siasa zake alikuwa amekaa ghorofani, juu ya kichwa cha waziri, akilipiga chapa tusi alilotukanwa yeye mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa sababu ndiyo kazi.

"Nimepokea barua asubuhi," Spika alisema. "Imeandikwa na ofisa wa wizara yako, Mheshimiwa Waziri, na jana ameacha kazi. Naisoma."

Na sauti ya Spika ikaingia masikioni mwa Nukta:

"*Mheshimiwa Spika, Jumatano nilikuwa nimekaa nyuma ya waziri. Maneno hayo aliyatamka, na niliyafurahia, maana kwa miezi saba nimekuwa nikiiandika ile wodi kwenye hotuba zake nayo inakatwa. Sahihi iliyo kwenye fomu ni yangu. Wakati wa bajeti huwa nasaini daftari zima la fomu tupu asubuhi, ili nisiitwe kila baada ya dakika tano. Aliyejaza hiyo alijaza bila mimi kujua. Hilo halinipi kinga: nilikopesha jina langu bila kuuliza litanunua nini, na huo ndio ugonjwa tunaoulaumu kwenye madeni ya nchi. Mwandishi aliyekataa kufuta alifanya kazi yake. Mimi sikufanya yangu. Naomba asiguswe. Na kama yupo anasikiliza, nasema polepole safari hii: nilimpenda yeye.*"

Ukumbi uliguna, kisha ukacheka, kisha ukapiga meza. Nukta alikanyaga pedali. *Nilimpenda yeye.* Akakanyaga tena. Machozi yalianguka kwenye vibonye, akayafuta na mkono wa gauni, akaandika mstari wote, maana kila linalosemwa bungeni huandikwa, hata lako.

Spika akaamuru rekodi ya Jumatano ipigwe. Sauti ya waziri ikajaa ukumbi, pamoja na meza ilivyopigwa. *Hata kiti kimoja cha ofisi.* Waziri mwenyewe akakaa chini bila kuambiwa.

"Wanaoafiki hoja ya kumaliza wodi kwanza waseme ndiyo."

Ile ndiyo ilitikisa vioo. Ilitoka pande zote mbili za ukumbi. Wasioafiki walisikika watatu, na mmoja alikuwa anakohoa.

"Walioafiki wameshinda," Spika alisema.

Dakika kumi zikaisha. Nukta alivua spika za masikioni akakutana na Mhariri Mkuu mlangoni.

"Mkataba wako mpya uko mezani kwangu, miaka miwili," mama yule alisema kwa sauti yake ya chini. "Utausaini kesho. Sasa hivi yule kijana wa barua yuko getini anarudisha kitambulisho, na mimi siruhusu kukimbia kwenye korido, ila leo sina miwani."

Nukta alikimbia.

Foleni ya getini ilikuwa ndefu kama siku ile. Mchumi alikuwa upande wa kutoka, boksi la vitu vyake mikononi, mkanda kwenye mashine, suruali inashuka. Nukta alilichukua boksi bila kuombwa.

"Nisamehe," alisema akihema. "Nilikuhukumu kwa kusikia mara moja."

"Nisamehe mimi. Jina langu sitalisaini tena kwenye kitu kitupu." Alifunga mkanda. "Sasa sina kazi, mshahara, wala kiti cha nyuma ya mtu yeyote. Nina wewe, kama bado upo. Nataka nikuoe. Nije kwa dada yako Jumamosi hii, na wazee wangu, tuzungumze yanayozungumzwa, halafu nianze kutafuta kazi, sijui hata nivae nini..."

Mguu wa Nukta ukagonga sakafu.

Mchumi akatabasamu. Akarudia, taratibu, kila neno na nafasi yake. "Nataka nikuoe."

Mguu ukagonga tena.

"Nataka nikuoe."

"Hilo nilisikia tangu mwanzo," Nukta alisema. "Nilipenda kulisikia."

Askari wa mashine, aliyekuwa amesimamisha foleni nzima bila ruhusa ya mtu, alikohoa kidogo. "Dada, watu wanasubiri. Wanaoafiki waseme ndiyo."

Simu ya Nukta ikaita. Ilikuwa dada yake. Wodini walikuwa wamewasha redio wakifuatilia Bunge, na nyuma ya sauti yake vigelegele vya wakunga vilifika mpaka getini, kwa askari na wabunge na foleni yote. Nukta aliinua simu juu ili dada naye asikie, akamtazama Mchumi machoni.

"Ndiyo," alisema. "Na usiniletee fomu ya masahihisho."